Kitambaa Ndani ya Obokano

Nakumbuka asubuhi moja kule Ogembo, mwanangu, nilipoiziba obokano yangu mdomo kwa kitambaa.

Nilikuwa kijana, na watu wa filamu walikuwa wamekuja kutoka Nairobi. Filamu yao ilikuwa ya ajabu: bendi isiyokubali kupangiwa nyimbo inahamia shambani na kuipigia michai muziki. Walinitaka niwe mmoja wa bendi hiyo. Mama alikuwa ameshawatangazia watu wote kanisani.

Sasa, obokano, kinubi chetu hiki, hunguruma, wewe unajua. Chini ya kila sauti ya zile nyuzi nane kuna mkwaruzo, kama nyuki walionaswa mtungini. Ndivyo ilivyoundwa. Lakini mwelekezi wa filamu aliinua mkono.

"Hiyo kelele itatuharibia. Iondoe."

Nikakunja kitambaa, nikakisukuma chini ya nyuzi. Mngurumo ukaisha. Mwelekezi akafurahi. Na mimi, usinicheke, nilifurahi pia.

Mzee Nyakundi, aliyenifundisha kupiga, alikuwa kati ya watazamaji. Akaja polepole, akatega sikio.

"Nani amefariki humo ndani?"

"Hakuna, mzee. Ni kitambaa tu."

"Mbona basi sisikii mtu akipumua?"

Watu wakaangua kicheko. Niliona aibu hadi shingoni. Nikakichomoa kile kitambaa, nikapiga kwa nguvu zangu zote, mngurumo ukatambaa hadi ng'ambo ya shamba.

"Simamisha!" mwelekezi akafoka. "Kijana, hii ni filamu ya wasanii wasioinama!"

"Basi mbona waniinamisha?"

Nilifukuzwa papo hapo. Nafasi yangu akapewa mtu wa gitaa. Mama alininunia wiki nzima, na sinema ilipoonyeshwa sikuwemo. Sijutii hata leo.

Nakueleza haya kwa kuwa yule mwenye studio mjini atakurekodi tu ukikubali aufute mngurumo kwa kompyuta. Jifunze kwake, mwanangu. Akikuambia umetoka nje ya mdundo, msikilize, huenda ni kweli. Lakini akitaka ufute kile kinachoifanya sauti iwe yako, beba obokano yako utoke, wala usiombe msamaha. Utakosa kurekodiwa, na utaendelea kupiga.

Mungu akupe vidole vyepesi na shingo ngumu. Na popote utakapoketi kupiga, Ogembo hadi Ekerenyo, watu wajue ni wewe kabla hawajakuona.