Mikwaruzo ya Choo cha Wageni

Mduara wa kahawia ndani ya bakuli la choo hauna maana kwamba wenye nyumba ni wachafu. Hilo huwa nalisema kwanza, kwa sababu nimeona wanawake wengi wakinionyesha choo chao huku wakitazama pembeni kwa aibu. Maji yana chokaa. Kila yanaposimama huacha kidogo, na kidogo juu ya kidogo mwishowe huwa jiwe. Jiwe hilo halitolewi kwa nguvu, hulainishwa. "Ni kama ugali ulioganda sufuriani," huwa naongeza. "Ukikwaruza, unaharibu sufuria. Ukiloweka, unapumzika na ugali unatoka wenyewe."

Mfano huo wa ugali ni wangu. Niliutunga mwenyewe nikiwa nimepiga magoti kwenye vigae vya watu.

Nyumba ninayotaka kuieleza iko Masaka, pembezoni mwa jiji letu, kwenye zile barabara mpya ambazo upande mmoja ni geti na upande wa pili bado ni shamba la maharage. Mwenye nyumba ni mama aliyekulia Tanzania, na mimi Kiswahili nilikikuta nyumbani Gitega, mtaa wa katikati ya jiji hilohilo, kwa bibi yangu, kwa hiyo tulielewana tangu siku ya kwanza. Nyumba ilikuwa imefungwa miaka mitatu. Maji yake ni ya kisima, na vyoo vyote vitatu vilikuwa vimeota magamba. Alikuwa anajiandaa kusafiri kwenda kwa binti yake aliyekaribia kujifungua, na alitafuta mtu wa kumwachia funguo kwa mwaka mzima: afungue madirisha, apitishe maji kwenye mabomba, alale hapo akipenda.

"Mtu anayejali choo atajali na nyumba," aliniambia. "Virudishe kama vilivyokuwa, mwanangu, na funguo utakaa nazo wewe."

Nilizitaka funguo zile. Nimesafisha nyumba za watu miaka mingi, na kila mara kuna mtu wa kunifungulia na mtu wa kukaa sebuleni akisubiri nitoke. Hakuna aliyewahi kuniachia ufunguo hata wa stoo.

Nilimchukua wifi yangu, mke wa kaka yangu, anisaidie. Kaka alikuwa hana kazi, nyumbani kwao palikuwa na kelele, na nilidhani kumfundisha kazi ni kumpa kitu ambacho hakuna atakayemnyang'anya.

"Wifi, hii iko jiwe kweli!" alisema alipoinama kwenye choo cha kwanza. "Tulete nyundo."

"Tulete subira," nikamwambia. "Funga maji kwanza. Sasa sukuma yaliyobaki kwa brashi mpaka yashuke, bakuli libaki tupu. Dawa ikichanganyika na maji mengi haina nguvu."

Nilimwonyesha unga wa ndimu, ule mweupe wanaotumia watengeneza juisi, tukaukoroga kwenye maji ya vuguvugu. Tukalowesha karatasi za choo, tukazibandika kwenye mduara na chini ya ukingo, mahali ambapo jicho halifiki. Nilimwambia tusiguse kwa saa nne. Nilimwambia pia, mara tatu, asichanganye dawa hiyo na javeli, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, hata tone, kwa sababu moshi wake unaweza kumlaza mtu.

"Na zikibaki punje ngumu?"

"Jiwe la visigino. Hili jepesi lenye matundu. Lilowe, na bakuli lilowe, halafu unapitisha taratibu kama unamsugua mtoto mgongo. Waya wa sufuria, kamwe. Ule mng'ao ukishakwaruzwa haurudi, na chokaa inapata mahali pa kushika."

Alichukua jiwe kwa mkono wa kushoto. Yeye ni wa kushoto. Kula tu ndiko alikofundishwa kutumia wa kulia. Aliona ninatazama, akacheka.

"Si mnasema wenyewe kazi ya chooni ni ya mkono wa kushoto? Basi mimi nimezaliwa fundi. Wewe ndiye unayekosea, wifi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Choo cha kwanza kilitoka cheupe, na cha pili pia. Alishika kazi haraka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha, nami nilimsifu mbele ya mama mwenye nyumba.

Kilibaki choo cha wageni, kibaya kuliko vyote. Nilibandika karatasi asubuhi, kisha ikabidi nimpeleke mama yangu kliniki. "Ziache mpaka adhuhuri," nilimwambia wifi. "Zikikauka, ongeza dawa. Usiwe na haraka." Jioni nilimpigia simu. "Imetoka yote," alisema. "Iko kama sahani."

Kesho yake nilipofika, mama mwenye nyumba alinipeleka moja kwa moja kwenye choo cha wageni. Magamba yalikuwa yametoka kweli. Chini yake palikuwa na mikwaruzo ya kijivu, mingi, imelala kutoka juu kushoto kwenda chini kulia. Wifi alikuwa amesimama kwenye korido, ameshika brashi.

"Wifi yako amenieleza," mama alisema. "Alikukataza jana asubuhi, ukaendelea na waya kwa sababu ya haraka ya kliniki. Amenieleza vizuri sana. Ni kama ugali ulioganda sufuriani, amesema. Ukikwaruza unaharibu sufuria. Mtu asiyejua kazi hawezi kueleza hivyo."

Uongo peke yake ningeweza kuujibu. Lakini huu ulikuja na ugali wangu, kila neno mahali pake.

"Mimi situmii waya, mama."

"Naye anasema hatumii."

Nilimtazama wifi. Hakuangalia chini, kama nilivyotegemea. Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemsikitikia mwenzake aliyekosea, na nadhani mama aliona upole huo akauamini. Funguo zilikwenda kwake.

Nilikuwa kwenye pikipiki, njia yote ya kurudi Gitega mkono wangu wa kulia ukijichezea gotini kana kwamba unasugua, ndipo nilipoona. Mkono wa kulia unachora mistari inayolala upande wa pili; ile ya chooni ilikuwa ya mkono wa kushoto. Nikataka kumwambia dereva ageuze. Halafu nikafikiria nikifika nitasema nini: nitamsimamisha mke wa kaka yangu mbele ya mtu baki, nimwambie achore? Dereva aliendelea, nami nikamwacha aendelee.

Nilimweleza kaka. Alikuwa anakunywa chai. "Mambo ya mawifi hayo," alisema, "mimi simo." Wiki iliyofuata walihamia Masaka.

Mwaka ulikaribia kwisha wifi aliponipigia. Hakuwa amenipigia tangu siku ile.

"Wifi, habari za siku. Mama anarudi Jumamosi."

"Nzuri. Arudi salama."

"Kile choo cha wageni. Mduara umerudi, tena mweusi kuliko zamani. Nimeloweka, nimengoja, kila kitu ulichonifundisha. Unakaa kwenye ile mistari. Nifanye nini?"

Ningeweza kukata simu. Lakini mtu akiniuliza kitu ninachokijua, mdomo hufunguka kabla moyo haujaamua. Nilimweleza polepole: aweke dawa nzito zaidi, abandike karatasi mara mbili, apitishe brashi laini kufuata mistari, si kuikata. Weusi utapungua. Kisha kila wiki aloweke kidogo, usipate nafasi ya kujijenga.

"Na mistari yenyewe?"

"Hiyo haitoki."

"Haitoki kabisa?"

"Nilikwambia siku ya kwanza."

Nilisikia tone la maji likidondoka. Alikuwa anapiga simu akiwa mle mle chooni.

"Sasa mama nitamwambia nini?"

"Mwambie ulitumia waya."

Nilingoja, maana kungoja ndiyo kazi ninayoijua. Nikasikia maji ya choo yakivutwa, kwa muda mrefu, na simu ikakatika yakiwa bado yanashuka.