Moshi Uliotugombanisha

Nilipoiona mara ya kwanza ilikuwa imeegemezwa ukutani nyuma ya karakana ya seremala mmoja wa Nyakabanda, mtaa wa Kigali, na kamba ya kuanikia nguo imefungwa kwenye usukani wake. Shuka la mtoto lilikuwa linakauka juu ya tangi. Nilikuwa nimekwenda kumpima seremala na ndugu zake suti za harusi. Tepu ikanidondoka mkononi, seremala akadhani nimeumwa na nyuki.

"Hiyo?" akasema. "Hiyo si moto, ni vyuma. Iliachwa na muzungu mumoja alikuwa anajenga barabara. Haiko na taa, haiko hata na mahali ya abiria."

Moto kwetu ni pikipiki, na ni kweli haikuwa na taa. Haikuwa na kioo, wala kiti cha pili, wala mahali pa kubandika namba. Ilikuwa pikipiki ya motokrosi, ya kushindania kwenye matope na vilima, yenye matairi ya meno na umri unaokaribia wangu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikitazama video za mashine kama hizo kwenye simu huku napiga pasi, na mke wangu anaweza kuwaonyesha suruali zilizoungua kwa sababu hiyo. Kwa hiyo nilijua ninachokitazama. Nilijua pia kwamba hata wapenzi wa pikipiki za zamani hawaitaki hii. Wao hugombania zile nyekundu na zile za njano, za viwanda vyenye majina. Hii ilikuwa nyeupe, nyeupe iliyokwisha kuwa rangi ya chai ya maziwa, ya kiwanda kidogo kilichofungwa zamani, na kila aliyeizungumzia mtandaoni aliizungumzia kwa huruma.

Sasa, mimi ni mfupi, nina hasira za haraka, na nimeshona suti mtaani Rwezamenyo miaka ishirini na zaidi mbele ya watu wanaosema suti ya maana inatoka Uturuki. Kitu kinachodharauliwa kabla hakijajaribiwa hunipandisha damu. Nikamwambia seremala kwamba suti zao tatu hatalipia, anipe vile vyuma. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka kimoyomoyo, na nilicheka zaidi yake.

Nilipofika nayo nyumbani juu ya mkokoteni, mke wangu aliizunguka mara mbili, mikono kiunoni.

"Baba watoto, umenunua maradhi."

"Subiri utaona."

"Nimeanza kusubiri mambo yako tangu tulipooana," akasema, akarudi jikoni.

Kwa ufundi, nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumwendea. Rafiki yangu huyu alikulia Bujumbura, akaja Kigali kijana, akafungua garaji ndogo Nyakabanda, na tangu hapo amefungua na kufunga injini nyingi za moto za abiria kuliko mifuko niliyoshona. Yeye ni mtu wa misa ya kwanza, mimi ni mtu wa msikiti. Yeye huongea polepole, mimi humkatiza. Tumegombana juu ya mpira, juu ya ndizi za kwao na za kwetu, juu ya njia fupi ya kwenda sokoni, na kila ugomvi umekwisha kwa chai.

Siku hizo alikuwa amenyong'onyea. Moto za umeme zilikuwa zimejaa mjini, zinapita kimya mbele ya garaji yake bila kumhitaji, na siku nyingine alikaa mpaka jioni bila kushika spana. Alipoiona pikipiki yangu aliweka kiganja juu ya injini, akakiacha hapo kwa muda.

"Sha, rafiki yangu, nikuambie kitu," akasema. "Hii ndiyo itaniambia kama niko bado fundi. Ikinishinda, nauza spana zote, naenda kwa dada yangu kuuza vitenge."

Nilidhani anatania. Nilipomtazama usoni nikajua hatanii.

Basi tukaanza, kazi iliyokula karibu mwaka mzima, na sijawahi kufurahi vile tangu nilipokabidhiwa cherehani yangu ya kwanza. Kila Jumapili alitoka misani, akavaa ovaroli, tukaifungua garajini kwake. Kila nati iliyokubali kulegea tuliishangilia. Yeye alitoa kutu, mimi nilisugua plastiki kwa majivu na sabuni mpaka ule weupe ukaanza kujitokeza, na nikampigia simu mke wangu aje aone, akaja, akasema ameona, akaondoka. Pistoni na ringi zake tuliziagiza kupitia kwa shemeji yangu anayekwenda Dubai kununua simu. Gasketi, zile karatasi ngumu zinazoziba katikati ya vyuma, hazikupatikana popote, na hapo ndipo nilipong'ara. Nilipima kwa chaki, nikakata kwa mkasi wangu wa suti, nikatoboa matundu ya boliti kwa kitobolea cha mshipi. Fundi aliiweka mahali pake. Ikalala bila kasoro.

"Eeh! Muzee, kumbe uko na mikono," akasema.

Nilitembea nyumbani kifua mbele kama jogoo. Kiti nacho nilikishona mwenyewe kwa ngozi nyeusi, mishono miwili miwili, na huo mshono hadi leo naweza kumwonyesha fundi cherehani yeyote wa mji huu anitafutie kosa.

Lakini kuna jambo nililolifanya peke yangu na sikumwambia. Injini ya aina ile, ya mipigo miwili, haina oili yake ndani jinsi moto za abiria zilivyo nayo. Inanyweshwa oili pamoja na petroli, vimechanganywa humo humo kwenye tangi, na ndiyo maana inatoa moshi. Hayo niliyajua kwenye simu. Fundi hakuyajua, kwa sababu katika maisha yake yote hakuwahi kuletewa mashine kama hiyo. Aliangalia oili ya giabox, akaikuta imejaa, akaridhika. Mimi nilichanganya dukani kwangu, nikipima kwa chupa ya dawa ya kikohozi yenye mistari, nikaja na dumu tayari. Kwa nini sikusema? Nitakuwa mkweli: yeye alijua kila kitu kingine. Nilitaka nami niwe na kitu kimoja ninachokijua peke yangu.

Siku ilipowaka! Fundi alipiga kiki kwa mguu mara saba, ya nane ikakohoa, ya tisa ikalia sauti kali ya kutoboa masikio, na Nyakabanda nzima ikatoka nje. Nilimkumbatia fundi nikamchafua na yeye akanichafua. Moshi wa buluu ulitanda mpaka kwa mwuza maandazi, akatutukana kwa Kinyarwanda na Kiswahili, nasi tukamwomba radhi huku tunacheka.

"Iko na moshi mingi sana," fundi akasema alipotulia.

"Ndivyo ilivyo," nikajibu kwa kujidai.

Kwa kuwa haina taa wala namba, haikuruhusiwa kugusa lami. Mteja wangu mmoja ana kiwanja Busanza, pembezoni mwa mji, ambacho hajakijenga, mteremko mtupu wa udongo mwekundu, akanikubalia twende tukaijaribie huko. Tuliipakia kwenye pikapu, tukaifunika turubai kama bibi harusi anayefichwa. Njiani fundi alikuwa mchangamfu ajabu. Aliniambia usiku wake haukuwa na usingizi kwa ajili ya ule moshi, kwamba fundi mzuri hamrudishii mtu injini inayotoa moshi, lakini sasa ameupatia dawa. Nilikuwa nahangaika na kamba za turubai. Sikumuuliza dawa gani.

Nilivaa kofia ngumu, nikapanda juu ya ndoo ili nifike kwenye kiti, nikaondoka. Wallahi, ile furaha! Moshi haukuwapo hata kidogo. Mashine ilikuwa nyepesi, inavuta kwa pupa, udongo unaruka nyuma, na mimi napiga kelele ndani ya kofia maneno ambayo sitayaandika. Gia ya pili, ya tatu, nusu ya kilima. Kisha sauti ikakatika, gurudumu la nyuma likakaza ghafla kama limeshikwa na mtu, nikaruka juu ya usukani nikaangukia kwenye maharage ya jirani.

Fundi alikuja mbio. Mimi sikuwa nimeumia, ila kiwiko. Injini ilikuwa imekwama, kiki haiendi chini hata kwa miguu miwili.

"Ulifanya nini?" nikamuuliza.

"Petroli yako walikuibia, sha. Niliinusa, ilikuwa imechanganywa na oili. Niliimwaga yote, niliweka safi."

Nilielewa mara moja: mashine ilikuwa imekimbia bila oili. Na hapo ndipo ulimi wangu uliponitangulia. Nilimwambia kwamba amechelewa kuuza spana, kwamba moto za umeme zilijua kwa nini zinapita mlangoni kwake bila kusimama. Nilisema hivyo, kwa sauti, mbele ya dereva wa pikapu. Fundi aliinama, akaiinua pikipiki. Alinisaidia kupakia, akafunga turubai vizuri kila kona, akakaa nyuma na pikipiki badala ya kukaa mbele nasi.

Wiki nzima hatukusalimiana. Nilishona vibaya, nikafumua, nikamkaripia mteja mwenye tumbo kwamba amenenepa. Siku ya sita mke wangu aliweka sahani mbele yangu, akakaa.

"Hebu nieleze. Ile oili inachanganywa na petroli?"

"Ndiyo."

"Ulimwambia?"

"Fundi anatakiwa kujua."

"Na wewe, nani alikwambia?"

"Simu."

"Basi simu ina adabu kuliko wewe," akasema. "Ulipouliza ilikujibu. Yeye umemwacha gizani mwaka mzima, halafu umemtukana kwa kujikwaa."

Sikula. Nilijaribu kukasirika, nikakosa pa kushika.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Nilipotoka msikitini nilikwenda moja kwa moja Nyakabanda, na ile injini, niliyoifungua mwenyewe nyumbani, nimeibeba kwenye mfuko wa mchele, mabegani, kwa sababu sikutaka kufika mikono mitupu. Nilimkuta amechuchumaa sakafuni. Spana zake zote zilikuwa zimepangwa juu ya gunia, kubwa kwa ndogo, zimepanguswa zinang'aa. Nikamuuliza anafanya nini, ingawa nilijua.

"Mununuzi anakuja saa kumi."

Nilikaa chini hapo hapo na kanzu yangu ya Ijumaa, nikamweleza. Nilimweleza mipigo miwili, dumu, chupa ya kikohozi, na ile sababu yangu ya kijinga. Nilimwambia, "Kosa ni langu lote. Ulisafisha petroli kama fundi mwaminifu. Mimi ndiye niliyeiua mashine, na wewe nikakuumiza makusudi."

Alisimama. Nilidhani atanifukuza.

"Mwaka muzima?" akasema. "Mwaka muzima unajua hii, unanipita hapa na dumu, unaniona mie nauliza moshi, unanyamaza? Wewe! Kuuliza si ujinga, na mie niliuliza!" Alinigombeza kwa Kiswahili, akahamia Kirundi, akamalizia kwa Kifaransa, na katika miaka yote ya kujuana kwetu hakuwahi kunikatiza kama siku ile. Nilipokea yote. Nilistahili zaidi.

Kisha akanyoosha mkono. "Lete hiyo injini."

Alichukua spana ya kwanza kutoka kwenye gunia, kisha ya pili. Alipoinua silinda aliielekeza kwenye mwanga wa mlango, akaingiza kidole, akakizungusha taratibu na macho ameyafumba. Pistoni ilikuwa imejeruhiwa, alumini imejipaka kwenye ukuta wa silinda.

"Chuma yenyewe haikukatika," akasema. "Ni uchafu ya pistoni tu. Inatoka na msasa. Polepole inatoka."

Saa kumi mnunuzi akaja. Fundi hakuinua kichwa. Alimwonyesha kiti, kisha akampa tochi amshikie, na yule bwana, maskini, akashika tochi mpaka karibu na magharibi huku akiuliza habari ya pistoni. Alipoondoka hakuwa amenunua hata bisibisi.

Ilituchukua majuma matatu kupata pistoni na ringi nyingine. Safari ya pili ya Busanza, nilimkabidhi fundi dumu na chupa, akachanganya mwenyewe, akapima mara mbili, akatikisa. Nikamkabidhi na kofia ngumu.

"Ya kwanza ni yako," nikamwambia.

"Mie? Mie huwa najaribu tu mpaka kwenye kona, narudisha kwa mwenyewe."

"Leo hakuna kona."

Akapiga kiki. Moshi wa buluu ukamfunika, akacheka ndani yake, akaondoka. Alipita pale nilipoangukia bila hata kupunguza, akafika juu, akasimama juu ya vikanyagio na mwili wote ukiwa mwepesi, mtu wa umri wake! Nilirukaruka, nikapiga mbinja, nikamshika dereva wa pikapu nikamtikisa. Fundi akashuka, nikasogea kupokea zamu yangu. Hakusimama. Aligeuza mbele yangu akapanda tena. Na tena. Mimi ninayegombania nafasi kwenye foleni ya mkate nilisimama nikimpigia makofi mpaka viganja vikawaka moto, na zamu yangu haikuja, kwa sababu petroli iliisha huko huko juu.

Alishuka akiisukuma, uso wote udongo, meno tu yanaonekana. Aliiegemeza kwenye pikapu, akapiga magoti, akaweka sikio karibu na injini iliyokuwa inapoa.

"Umesikia kwenye gia ya tatu? Kabureta bado haiko sawa. Kesho tunaifungua tena."

Sikuwa nimesikia kasoro yoyote. Nilimwambia kesho nitafunga duka mapema.