Picha Nyepesi ya Mkono wa Mama

Kazi yangu ni kubana picha. Watu wanaopangisha nyumba hapa Maskati hupiga picha za sebule na mabafu kwa kamera za bei mbaya, kisha mimi huzipunguza uzito ili zifunguke upesi kwenye simu ya mteja. Naondoa chembechembe za ukutani, nalainisha vivuli, natupa chochote ambacho jicho halitakikumbuka. Kazini wananisifu kwa hilo, na mimi nikisifiwa siambiliki. Nyumbani nilijitangaza mtaalamu wa picha za kila aina, na hakuna aliyenipinga kwa sababu hakuna aliyeelewa nilichokuwa nikisema.

Basi mama akateleza uani kwetu, mtaa wa Azaiba, akaangukia mkono wa kulia. Nikampeleka kliniki, wakampiga eksirei. Daktari alisema ana wasiwasi na kifupa kimoja kidogo chini ya kidole gumba, kwamba ufa wake huwa mwembamba na hujificha, na kwamba angependa kumfunga plasta ngumu mpaka bingwa wa mifupa aisome picha vizuri.

Mama akamtazama kama aliyetukanwa. Mkono ule ndio unaoshona kofia. Kila mwanamume wa ukoo wetu anayevaa kofia ya mkono amevaa ya mama, yenye vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi mpaka unashangaa sindano ilipita wapi. Sikukuu ilikuwa inakaribia na kofia zilikuwa hazijaisha.

"Mpelekee daktari wetu kwanza," akaniambia. "Akisema yeye, ntafungwa."

Daktari wetu ni binti wa mjomba wangu, daktari wa mifupa Unguja. Maskati ina mahospitali na mashine zake, lakini kwetu maradhi hayajawa maradhi mpaka mtu wa damu yetu ayathibitishe. Niliwahi kumwona ami yangu amelazwa, dripu imo mkononi, anasubiri simu ya Unguja ndipo akubali kwamba anaumwa. Tukaondoka kliniki na bendeji ya kitambaa na sidi yenye picha.

Nilipoifungua kwenye kompyuta, nilichukia. Ilikuwa nzito, ya kijivu, imejaa chembechembe. Nikaona kliniki ile haina mtu anayejua kazi. Mtandao wa Unguja nao nikaudharau bila hata kuuliza ukoje. Nikaisafisha picha kama ninavyosafisha ukuta wa sebule, nikaibana, nikaituma kwenye grupu la familia, maana ukimtumia mtu mmoja peke yake utaulizwa unaficha nini. Mifupa ilitoka myeupe, laini, ya kupendeza. Jamaa wakaanza kuandika mashallah.

Binti wa mjomba akapiga simu. Niliiweka kwenye spika ili mama asikie.

"Kaka, kwa hii nnayoiona, ufa siuoni. Lakini hii ndo picha yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe. Nimeipunguza uzito tu. Jicho haliwezi kujua tofauti."

"Jicho la nani?"

Nikacheka, nikidhani anatania. Akasema nimpelekee faili lililotoka kliniki, na mkono usiguswe kwanza. Nikamwambia nitampelekea baada ya chakula. Baada ya chakula nililala.

Mama yeye alikuwa ameshika maneno mawili tu, "ufa siuoni", kisha akaenda zake kumpigia simu mdogo wake. Mama mdogo akaja kutoka mtaa wa Darsait na mafuta ya karafuu. Yeye ndiye anayekanda familia nzima, na hakandi kwa mzaha. Niliamshwa na ukelele. Nilipofika sebuleni mama amekaa chini, uso umemtoka jasho, na mama mdogo bado ameushika mkono.

"Umeshupaa tu, utalainika," akasema mama mdogo. "Si mmesema haujavunjika?"

Macho yote manne yakanigeukia.

Tuliporudi kliniki, daktari aliweka picha ya asili kwenye kioo kikubwa cha kompyuta, akaniomba ile ya simu yangu aiweke kando yake. Akaongeza mwanga, akapunguza giza, na pale chini ya kidole gumba ukajitokeza mstari mwembamba. Kwenye picha yangu pale pale palikuwa peupe pazuri. Alinieleza kwa Kiarabu, polepole, kwamba picha ya hospitali hubeba rangi nyingi za kijivu kuliko simu inazoweza kuonyesha, na kwamba programu ya kubana picha ikiona kitu chembamba na hafifu hukichukua kuwa takataka. Ufa wa mama ulikuwa kitu chembamba na hafifu. Mimi nikaanza kumweleza jinsi programu yangu inavyochagua cha kutupa, na kwamba kwa picha za nyumba haijawahi kuniangusha.

"Nyamaza, baba," mama akasema.

Alifungwa plasta. Daktari alisema mfupa huo hupona kwa taabu kwa sababu damu inayoufikia ni kidogo, na kukandwa kuliusogeza. Sikukuu ikaja, wanaume wa ukoo wakavaa kofia za mwaka juzi. Binti wa mjomba alinipigia, na maneno aliyoniambia siyaandiki. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliogopa, kwa sababu usiku mama alikuwa akinyoosha vidole vilivyotokeza kwenye plasta na kuvikunja, akiamini hakuna anayemwona.

Plasta imeshatolewa. Mazoezi anafanya. Kikombe anashika, ufunguo anazungusha, lakini sindano ikifika kati ya kidole gumba na cha shahada huanguka. Alijaribu mara nyingi mbele yangu. Siku moja akanirushia kitambaa.

"Kaa hapa. Shona wewe, mie ntakuelekeza."

Kwa hiyo sasa nikitoka kazini nashona kofia. Mkono wangu ni mkubwa, uzi hujifunga mafundo, na kitobo changu cha kwanza kingepitisha njegere. Mama mdogo alikuja kunitazama, akacheka mpaka akalazimika kukaa. Mama hacheki. Kila nikimaliza kitobo anakichukua, anakisogeza karibu kabisa na jicho, anakitafutia kosa mpaka alipate, kisha anakifumua chote na kunirudishia nianze upya.

Anafumua kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ameulaza pajani chini ya mtandio, na mimi nashona huku nimeinama ili nisiutazame.