Kisima Kilichokaa Arubaini

Jumatatu iliyopita asubuhi nilikuwa ofisini Al Khuwair, hapa Maskati, kikombe cha kahawa mkononi, simu ikalia. Alikuwa binti yake Bi Mkubwa, jirani yetu wa shamba nyuma ya Sib, na hakusema mengi: mama ametutoka alfajiri, anazikwa adhuhuri, kule kule shamba. Inna lillahi. Nikaiacha kahawa, nikashika njia ya Sib. Naungama kwenu, wasomaji wangu, kwamba njia nzima nilikuwa nikilia na kucheka, maana kumkumbuka bibi yule bila ya kucheka ni kumdhulumu.

Ukipita nyuma ya Sib leo utaona kijiji kizima cha kijani: mihogo, migomba, mipapai, na msikiti mdogo mweupe. Mwanzoni mwa miaka ya tisini palikuwa mchanga na mbuzi tu. Tulikuwa familia saba, wengine tumetoka Unguja, wengine bara, sote tumechoka kukaa fletini Ghubra tukipanda pilipili kwenye makopo ya samli. Tukanunua ardhi pamoja, tukachimba kisima kimoja, na kabla ya kujenga hata chumba tukatandika mikeka tukaswali jamaa. Kisha tukafanya kosa la watu wa kwetu hasa. Sisi tumelelewa na masika. Kwetu maji hushuka yenyewe, kazi yako ni kupanda. Basi tukawa tunawasha pampu asubuhi na kuizima magharibi, kama watu wanaongoja mvua kesho. Majirani wenyeji, waliokulia penye mifereji ambayo maji yake hugawiwa kwa zamu, walitutazama wakatikisa vichwa. Mwaka wa pili chai ikaja na chumvi, na majani ya migomba yakaungua pembeni. Tulikuwa tumevuta mpaka bahari imeingia kisimani.

Hapo ndipo mimi, hodari wa vikao, nilipoleta shauri la pampu kubwa zaidi. Wanaume wenzangu wakaniunga mkono. Bi Mkubwa, mjane wa miaka sitini aliyekuwa mkunga Unguja, akaja na kanga zake akakaa juu ya mfuniko wa kisima, akakataa kuondoka. Akatuambia kisima hiki ni mzazi, kimezaa mashamba saba kwa mpigo, nasi hatukukipa hata arubaini yake. Kikae siku arubaini kisiguswe, na baada ya hapo kila nyumba ivute kidogo siku yake, baina ya alasiri na magharibi, basi. Tulimbishia sana. Mimi nikamwambia mashamba yatakufa, sote turudi kupanga fleti. Akanijibu taratibu: "Mwanangu, Unguja nimehama. Ghubra nimehama. Nna mwili wa kuhama mara ya tatu mie? Sihami."

Tukakubali. Kisima kikafunikwa, miche tukawa tunainywesha kwa madebe kutoka Sib. Siku ya thelathini na tatu, adhuhuri ya jua kali, watu wamelala, nikanyemelea kisima na ndoo na kamba kuokoa migomba yangu. Sikumaliza ndoo ya pili, Bi Mkubwa huyo, anatokea kwenye mihogo yake. Nilijua leo nitatukanwa. Wapi! Akaichukua ndoo, akamimina maji kwenye mgomba wangu yasipotee bure, akaenda zake. Baada ya sala ya alasiri akawatangazia wote: "Tunaanza moja." Siku arubaini upya, kwa sababu yangu mimi! Nikahukumiwa kuzibebea nyumba zote saba maji, kwa gari langu dogo la kwendea kazini, mpaka viti vikaota ukungu na wenzangu wizarani wakaniita muuza maji. Aibu ile imenifaa kuliko cheo chochote nilichopata baadaye.

Maji hayakurudi matamu mara moja. Yalilainika kidogo, mvua za baridi zikaja mabonde yakateremsha maji, na zamu ikashikwa mwaka baada ya mwaka. Nyumba saba zimekuwa mtaa, na Ijumaa watu hutoka Maskati yote kufuata muhogo wetu. Tuliwahi kudhani shamba hushinda kwa mashine. Letu limeshinda kwa bibi mmoja aliyekaa juu ya mfuniko, na kwa wabishi saba waliokubali kuacha ndoo chini.

Tulipokwisha kuzika, mtu mmoja akashauri pampu isiwashwe siku ile, kwa heshima ya msiba. Nikakataa mbele ya watu wote, maana Jumatatu ni zamu yake. Alasiri nikapandisha kanzu, nikafungua maji yakaingia kwenye mihogo yake, binti yake akakinga gilasi, akanywa, akanipa na mimi. Matamu, wallahi. Nilichojifunza kwake ni hiki: mahali hapawi kwenu kwa kupachukua, panakuwa kwenu siku mnapokubali kujizuia kwa ajili yake. Bi Mkubwa amelala ng'ambo ya uzio, hatua chache kutoka kisimani. Alisema hahami mara ya tatu, na hakuhama.