Simu Kando ya Beseni la Senene

Saa moja asubuhi, uani kwake Nshambya, Bukoba, Jovitha Kyaruzi anachambua senene, wale panzi wa msimu wanaoliwa. Anang'oa mabawa, anang'oa miguu, anatupia kwenye beseni. Kando ya beseni kuna simu, sauti imefunguliwa yote.

“Mama, hawa uliotutumia wananitazama!” inalalamika sauti kutoka chuoni Dodoma.

“Wameshakaangwa, Hafidha. Kula, mwanangu.”

“Anajifanya tu, mawe. Jana kamaliza kopo zima,” inadakia sauti ya pili, ikimwita mama kwa Kihaya. Ni Annastella, bintiye Jovitha, anayesoma famasia mwaka wa mwisho.

Wanawake wanaochambua na Jovitha wanaangua kicheko.

Miaka miwili iliyopita hapakuwa na kicheko. Annastella alifeli somo moja, akaacha kupokea simu za nyumbani. Ukoo mzima, hadi Kishanda wilayani Muleba, ulishamwita Daktari, na kila aliyempigia aliuliza matokeo. Jovitha ndiye aliyeongoza.

“Nilidhani namtia moyo,” anasema. “Kumbe namkaba.”

Aliyempa habari ni Hafidha, msichana wa Tanga anayekaa chumba kimoja na Annastella.

“Mama, Anna kafunga begi. Anasema chuo basi, na nyumbani anaona aibu kurudi. Nampa simu. Tafadhali, usimuulize mtihani.”

Jovitha alikuwa katikati ya kazi, na senene hawasubiri. Akafungua sauti, akaiweka simu chini. “Binti yangu, kaa na sisi.”

Kazi hii haifanywi kimya. Wanawake wakaendelea kumsengenya jirani yao, Mama Audax, aliyeunguza senene wake wote. Kisha Annastella akauliza, “Kwani aliwatia mafuta? Si wana mafuta yao wenyewe?”

“Hapo nikajua mtoto wangu yupo,” anasema Jovitha.

Begi likafunguliwa. Annastella akarudia mtihani, akafaulu. Shangazi yake wa Kishanda naye akaambiwa wazi na Jovitha: “Ukimpigia, muulize amekula nini. Huwezi, usipige.”

Mwakani Annastella anahitimu pamoja na Hafidha. Jovitha, ambaye senene wakiisha huuza ndizi Rwamishenye, ameanza kutenga nauli ya Dodoma.

“Joho nitaliona, nitapiga vigelegele mpaka nikauke koo,” anasema. “Lakini nikishuka tu, namtafuta mama yake Hafidha. Nataka nimshike mikono nimwambie, dada, umelea.”