Tetemeko Linalofunga Ramadhani

Assalaam aleikum admin, na nyote mnaosoma. Nakuomba ulifiche jina langu, maana Kwale ni ndogo na mume wangu ana simu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nina mume na mtoto mmoja, na nimesomea elimu ya miamba chuo kikuu mpaka nikahitimu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mtanistahimili.

Serikali ilipoamua kwamba na sisi wa pwani tupimiwe matetemeko ya ardhi, ulikuja mradi wenye pesa za wafadhili, na huku kwetu zikatoka nafasi mbili. Ya mkuu wa kituo niliiomba mimi. Akapewa mume wangu. Mume wangu alisomea mambo ya hoteli, na mpaka siku hiyo alikuwa akisimamia chumba cha kulia kule Diani, kazi yake kuangalia kama uma umekaa kushoto. Lakini ana ami yake aliye karibu na wakubwa. Mimi nikapewa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, chini yake. Nikanyamaza, kwa kuwa niliambiwa mke mwema hamwonei mumewe wivu.

Mashine ya kupimia mitetemo hutaka mahali patulivu, juu ya jabali, mbali na watu. Nilimtafutia jabali zuri kule Mkongani. Akasema huko ni porini, nani atailinda. Akaipeleka Gazi, akaifunga sakafuni katika stoo ya mamake, na mradi ukawa wamlipa mama kodi ya chumba. Mamamkwe wangu hana kosa, maskini. Yeye hupika vitumbua vya kuuza, na mchele wake huutwanga kwa kinu uani, nyuma ya ukuta wa stoo ile ile. Blenda haitaki, asema yaua ladha.

Haukupita muda mashine ikaanza kuleta mitetemo kwenye kompyuta ya ofisi yetu Kombani. Kila siku baada ya alfajiri, isipokuwa Ijumaa, siku ambayo mama hapiki. Nikamwambia mume wangu, "Babake Rehema, hicho ni kinu cha mama." Akanichekea kile kicheko alichokuwa akiwachekea watalii. "Wewe umesoma mpaka waogopa kufanikiwa," akaniambia. Kisha akaenda redioni kutangaza kwamba ardhi ya Gazi yahema. Yahema, wallahi. Jirani ya mama, mjane, akasimamisha kwa hofu ujenzi wa nyumba ya mawe aliyokuwa ameianza, na sasa msingi wake umeota majani.

Ramadhani ikaingia. Mwezi ulipoandama tu, mitetemo ya alfajiri ikakoma, ikahamia alasiri, saa za kutayarisha futari. Mtu mwenye akili angejiuliza ni tetemeko gani hili linalofunga. Mume wangu aliandika kwamba hali ya chini ya ardhi imebadilika.

Katika kumi la mwisho nilikwenda Gazi kumsaidia mama. Nilimkuta amekaa, mkono wamuuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Shika mchi, mimi leo sijiwezi."

Tukasimama mimi na wifi yangu, tukatwanga kwa kupokezana, na kila nikipiga nilikuwa nikiufikiria mkataba wangu. Wifi akaniambia, "Taratibu, wifi. Mchele haujakukosea."

Kesho yake ofisini mume wangu aliniita mbio nione kompyuta. Tetemeko kubwa kuliko yote, jana alasiri. Nikaliangalia, nikajitambua. Hata pale tulipopumzika wifi akipepeta palionekana. Nikamwambia, "Huyu ni mimi."

Nilidhani ataona haya. Alifunga mlango, akakaa, akasema kwa sauti ya chini, "Najua ni kinu. Nimejua tangu mwezi wa kwanza. Lakini wafadhili watajuaje kinu?"

Siku hiyo ndipo nilipomdharau hasa. Mjinga ningemvumilia, ujinga si dhambi. Kumbe nimelala miaka yote hii na mjanja, tena mjanja wa bei ya chini, anayefanyia biashara mkono mbovu wa mamake.

Sasa Idi imepita. Wiki ijayo wageni wa wafadhili wanakuja kuamua kama mradi utaongezewa pesa. Ripoti ya kuthibitisha mitetemo hii yataka sahihi ya mtu aliyesomea miamba, na katika mradi huu mtu huyo ni mimi peke yangu. Nikitia sahihi nitaajiriwa kabisa, kazi ya serikali, na pensheni. Nikikataa, mradi utafungwa, sote wawili tutakaa nyumbani, na ndoa yenyewe sijui. Ami yake ameshakuja kuninasihi. "Mtaka cha mvunguni huinama, mwanangu," aliniambia. "Inama." Nikamwitikia kwa adabu, kwa sababu mimi nililelewa.

Na bado. Juzi mume wangu amemnunulia mamake kinu kipya, kikubwa, cha mti mzito, akakipeleka kwa bodaboda. Mama alilia kwa furaha, asema mwanawe hajapata kumkumbuka hivi, na kila swala amwombea dua. Mwanawe amemwomba jambo moja tu: siku wageni watakapokuwa Kombani mbele ya kompyuta, atwange kwa nguvu, mchele wa karamu yao.

Mkono wa mama haujapona. Jana alinipigia simu, akaniomba siku hiyo nikamtwangie mimi.

Ndugu zangu, nipeni shauri, kichwa changu kimegota. Nitie sahihi, niende Gazi nikatwange, nile pensheni yangu kimya? Au niwatoe wageni ofisini, niwapeleke mpaka uani kwa mama, niwape mchi, kila mmoja ajipigie tetemeko lake?