Kangambili Mweupe

Mume wangu Nyamhanga alikuwaga anakula amesimama, ugali mkono huu, lenzi mkono ule. Mwaka sabini na nne alichora wadudu wa pamba kwa ajili ya ofisi ya kilimo Bunda. Nikimwambia, "Baba Thadeo, kaa basi, miguu ni sita tu!" ananijia juu: "Mkulima akimkosea mdudu, pamba imekwisha!"

Haya, akakosea yeye.

Kwao ni Bukima, watu wa samaki. Pamba aliijulia ofisini. Kangambili, yule mdudu anayechafua nyuzi, alimchora kutoka kwenye chupa ya spiriti. Kila kiungo mahali pake, na rangi vile vile alivyoiona: mweupe. Picha zikachapwa Musoma, zikagawiwa vijiji vya ujamaa na agizo: ukimwona huyu, mtupe kwenye kopo la mafuta ya taa.

Wiki tatu baadaye akamwona hai shambani. Mwekundu! Spiriti ilikuwa imemla rangi.

Weee! Usingizi ukaisha nyumbani kwangu. Akaazima baiskeli, akabeba rangi nyekundu, akawa anazipaka picha moja moja, kijiji kwa kijiji, kabla vitumba vya pamba havijapasuka vyote. Kwa mama yangu, Buswahili, alinibeba na mimi. Picha ilikuwa chumbani kwa mama, na mkwe haingii humo hata nyumba ikiungua.

Kwa hiyo nikapaka mimi. Yeye yuko nje ya ua, anazunguka, anapiga kelele: "Doa jeusi uliache! Usiguse miguu!"

"Njoo upake mwenyewe!" nikamjibu. Nilikuwa na hasira.

Mama alikuwa akitazama. Kabla ya kuhamishiwa kijijini hakuwahi kulima pamba. Yeye alikuwa wa ulezi na ng'ombe. Akaniletea kopo lake. Mafuta ya taa safi kabisa, hakuna hata mdudu mmoja. Akaniletea na pamba aliyoanza kuchuma, yote madoa ya njano. Fifi tupu, pamba ya bei ya chini.

Akapaza sauti ili ifike nje ya ua, kwa furaha kabisa:

"Mkwe wangu, usihangaike! Nimelinda kila asubuhi. Wale weupe wako hawajafika hata mmoja. Wamejaa hawa wekundu tu, nao nimewafukuzia kuku wasiwale, maana kwenye picha yako hawamo."